Padri Kijana Anapojifunza Lugha Yetu



Somo letu la leo si juu ya amri fulani wala si juu ya sakramenti fulani. Ni juu ya mtu anayetuletea sakramenti, tena ni juu yetu sisi tunaompokea. Katika parokia nyingi za vijijini hufika padri kijana aliyetoka nchi ya mbali. Anashuka na sanduku lake, anatusalimu kwa maneno matatu aliyojifunza njiani, nasi tunapiga vigelegele. Kesho yake vigelegele vimekwisha, na kazi inaanza. Yeye ana kazi ya kujifunza usemi wetu: jambo hilo kila mtu analijua. Lakini sisi nasi tuna kazi ya kumfundisha, na jambo hilo wengi hawalijui. Basi sikieni neno la leo: kumfundisha mmisionari lugha yetu ni kushiriki kazi ya kueneza Injili, na mkristu anayekataa kazi hiyo anaizuia Injili isifike kwa jirani yake.

Tuanze na Bwana wetu mwenyewe. Tunasadiki kwamba Mwana wa Mungu ni Neno la Baba, na kwamba kwa yeye vitu vyote viliumbwa. Naye alipofanyika mtu, alilala kifuani pa Bikira Maria kama mtoto mchanga asiyeweza kutamka hata neno moja. Mwinjili Luka atuambia ya kuwa mtoto Yesu aliendelea katika hekima na kimo. Basi alijifunza kusema kama watoto wetu wanavyojifunza, kwa kumsikiliza mama yake na kwa kukaa karibu na Yosefu kazini. Alisema usemi wa watu wa Galilaya, na wanafunzi wake vilevile. Mnakumbuka kwamba usiku ule wa mateso, uani kwa Kuhani Mkuu, watu walimtambua Petro kwa matamshi yake. Tena angalieni hesabu hii: Bwana wetu alikaa Nazareti karibu miaka 30 akisikiliza na kufanya kazi, ndipo akahubiri kwa miaka michache tu. Ikiwa Neno wa Mungu alikubali kufundishwa maneno na wanadamu, ni padri gani atakayeona haya kufundishwa? Na ni mkristu gani atakayesema kwamba kumfundisha ni kazi ya bure?

Pengine mtu atauliza, "Je, siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwapa Mitume lugha zote?" Ni kweli, siku ile wageni wa nchi nyingi walisikia matendo makuu ya Mungu, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Roho Mtakatifu hakuwalazimisha wote kujua lugha moja. Alitaka Habari Njema iingie katika kila lugha. Lakini muujiza ule haukutolewa kwa kila mmisionari. Wengine wote wamepewa masikio, ulimi, daftari na saburi.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1868 Lavigerie, Askofu Mkuu wa Alger, alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Mwaka 1878 aliwatuma kumi wa kwanza kuelekea maziwa makubwa ya Afrika. Aliwaagiza wasikae kamwe wachache kuliko watatu katika nyumba moja. Aliwaagiza pia kwamba, miezi sita baada ya kufika, waseme lugha ya wenyeji hata wao kwa wao. Sikieni vema: hata wao kwa wao, mezani na kazini. Maana alijua kwamba mtu akisema lugha ya kwao jioni yote, asubuhi hana neno la kumwambia jirani.

Wale kumi waliondoka Bagamoyo kwa miguu mwezi wa Juni 1878. Njiani Padri Pascal, mkuu wa kikundi cha Tanganyika, alifariki. Wenzake wakafika Ujiji Januari 1879, na kutoka huko wakavuka baadaye kuja ng'ambo hii ya ziwa, ambako misioni za Kibanga na Mpala zilianzishwa. Kikundi cha pili kilikwenda kwenye ziwa Nyanza. Ndani yake alikuwamo kijana Mfaransa, Padri Siméon Lourdel. Alizaliwa mwaka 1853, akapadirishwa mwaka 1877. Tarehe 17 Februari 1879, yeye na Bruda Amans walifika Entebbe kwa mtumbwi, naye alikuwa na umri wa miaka 25.

Huyu kijana alikuwa amesoma miaka mingi. Alijua Kilatini, alijua teolojia. Lakini mbele ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, ilimpasa kuieleza imani Katoliki, naye hakuwa na maneno ya kutosha. Mskoti mmoja wa misioni ya Waprotestanti, Alexander Mackay, alikuwapo ikulu. Alisimulia kwamba Lourdel alichanganya Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa, yote pamoja. Wapenzi wangu, wazeni hali hiyo. Msomi amekuwa kama mtoto. Ana jambo kubwa moyoni, na kinywani ana vipande vya maneno tu.

Lakini hakunyamaza wala hakurudi kwao. Alikaa na vijana wa ikulu, akawafundisha dini, nao wakamfundisha usemi wao. Watu walisikia wenzake wakimwita kwa Kifaransa "mon père", yaani "baba yangu", wakalitamka neno hilo kwa namna yao: Mapeera. Sisi tusemao Kiswahili twaweza kucheka, maana kwetu mapera ni matunda ya mpera, na kwa Kiganda nako neno hilo lina maana hiyo. Yeye hakukataa jina hilo. Hata leo wakatoliki wa Uganda humwita Mapeera kwa heshima kubwa. Alikuja kuwafundisha majina ya Mungu, nao wakampa yeye jina jipya. Ndivyo mgeni anavyozaliwa mara ya pili.

Na matunda yake yalikuwa nini? Tarehe 27 Machi 1880, siku ya Jumamosi Kuu, wa kwanza walibatizwa. Novemba 1882 mapadri walilazimika kuondoka Buganda, wakakaa kusini ya ziwa hata Julai 1885. Katika muda ule wote wakristu hawakuwa na padri. Je, imani ilikufa? La! Ilizidi. Wale waliofundishwa waliwafundisha wengine, kwa sababu mafundisho waliyoyapata yalikuwa yameingia katika usemi wao wenyewe. Waliweza kuyarudia usiku nyumbani, shambani na njiani, bila kumngoja mgeni. Mateso yalipoanza, wakristu wale walisimama imara. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885. Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake usiku kabla ya kuhukumiwa, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu. Mapeera mwenyewe alifariki tarehe 12 Mei 1890, akiwa na miaka 36 tu. Alipoondoka duniani, lugha ya Injili haikuondoka pamoja naye.

Sasa turudi vijijini mwetu. Padri kijana anayetujia leo si Mzungu kila mara. Vijana wengi wanaoingia siku hizi katika shirika lile la Lavigerie ni Waafrika. Lakini Mwafrika aliyezaliwa Ghana au Burkina Faso ni mgeni kwetu kama vile Lourdel alivyokuwa mgeni kwa Mutesa. Ngozi yake inafanana na yetu, nasi tunadhani anatufahamu. Hatufahamu bado. Kiswahili ni kigeni kwake, na zaidi ya Kiswahili ziko lugha za nyumbani, Mashi, Kilega, Kitabwa, Kiluba na nyinginezo. Katika lugha hizo sauti hupanda na kushuka, na neno moja likipandishwa lina maana hii, likishushwa lina maana ile. Hata katika Kiswahili iko mitego midogo. Kufa si kufaa. Kutubu si kutibu. Padri akituambia kwamba Yesu "alikufaa" msalabani, watoto watacheka. Kosa kama hilo ni dogo, na kicheko chake hupita.

Lakini liko kosa lisilochekesha. Sikieni mambo mawili.

Jambo la kwanza ni majina ya ukoo. Kwetu, ndugu wa kiume wa baba ni baba, na ndugu wa kike wa mama ni mama. Watoto wao ni ndugu zangu, kaka zangu na dada zangu. Kijana amwambia padri Jumatatu, "Baba yangu amekufa," na Ijumaa amwambia, "Baba ananiita nyumbani." Padri mgeni aweza kuwaza moyoni, "Kijana huyu ni mwongo." Kumbe kijana amesema kweli mara mbili: aliyekufa ni baba mdogo. Nani atamwondolea padri mashaka hayo, ikiwa hakuna anayemweleza?

Jambo la pili ni zito zaidi. Ni neno "ndiyo" na neno "hapana". Katika usemi wetu, mtu akiulizwa, "Hukula?" naye hakula, hujibu, "Ndiyo," maana yake, "Ndiyo, ni kama ulivyosema, sikula." Lakini katika lugha nyingi za Ulaya mtu huyo angejibu, "Hapana." Sasa, mnajua kwamba Kanisa halikubali ndoa ya kulazimishwa. Kabla ya ndoa, padri humwuliza kila mchumba peke yake kama anaingia kwa hiari. Tuseme padri mgeni amwuliza binti, "Je, hukulazimishwa na wazazi?" Binti ameinamisha macho, ajibu kwa sauti ndogo, "Hapana." Kwa usemi wetu amesema, "Hapana, si hivyo, nililazimishwa." Padri asikia, "Hapana, sikulazimishwa." Anaandika katika kitabu, na Jumamosi anafungisha ndoa. Binti yule alisema kweli mbele ya Kanisa, wala hakusikilizwa. Atabeba mzigo huo miaka mingi, akidhani kwamba hata padri alijua naye akanyamaza.

Mwaona basi, wapenzi wangu: lugha si pambo la mahubiri. Katika neno moja dogo yumo mtu mzima na maisha yake. Mtakatifu Paulo aliwaonya Wakorinto kwamba watu wawili wasiofahamiana usemi ni wageni kila mmoja kwa mwenzake. Na wageni wawili, hata wakisali katika kanisa moja, wanaweza kuumizana bila chuki yoyote.

Papa Benedikto XV aliliona jambo hilo. Katika barua yake Maximum Illud ya tarehe 30 Novemba 1919, aliwataka wamisionari wasiridhike na kujua lugha ya watu kijuujuu tu, bali waijue hata waweze kuisema sawasawa. Alisema pia kwamba padri asiwaachie wakatekista peke yao kazi ya kueleza mafundisho. Sisi wakatekista tusilichukie neno hilo. Kuna wakatekista wanaopenda padri abaki bila lugha, ili kila jambo lipite kinywani mwao nao waonekane wakubwa. Huo si utumishi. Mkatekista mwema ni kama daraja linalompeleka mtu ng'ambo. Hafurahi kumwona padri amesimama juu ya daraja siku zote.

Tena, tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotoa hati yake juu ya Liturujia mwaka 1963, Misa yetu inasomwa kwa lugha zetu. Mwaka 1988 Roma ilithibitisha taratibu ya Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Zamani padri aliweza kusoma Misa kwa Kilatini mahali popote. Leo altare yenyewe yangoja maneno yetu kinywani mwake. Tumsaidie ayapate.

Tutamsaidiaje? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la padri kijana ni lugha. Basi tumpe jembe hilo, wala tusimpe mpini mtupu. Nitataja mambo matano.

Kwanza, tusimsifu kwa uongo. Baada ya Misa watu humwambia, "Padri, umesema vizuri," na njiani wanarudia makosa yake na kucheka. Anayekusifu ili usijifunze hakupendi. Afadhali mzee mmoja amwendee jioni, wawili tu, amwambie kwa heshima, "Padri, leo ulisema hivi, sisi husema hivi."

Pili, tuwakanye vijana wanaomfundisha mgeni matusi kwa mchezo, wakimwambia kwamba ni maneno ya salamu. Padri akilitamka neno hilo mbele ya akina mama, aibu si yake. Ni ya kijiji kizima.

Tatu, tuseme naye polepole, wala tusikimbilie Kifaransa tunapomwona anahangaika. Tumngoje. Neno ambalo mtu amelitafuta mwenyewe hata akalipata, halisahau upesi.

Nne, tusimfiche mambo ya ndani. Maneno ya sokoni atayajua kwa mwezi mmoja. Lakini maneno ya msiba, ya mahari, ya kuomba radhi, ya kupatanisha ndugu waliogombana, hayo hukaa katika nyumba. Basi aitwe nyumbani. Akae kwenye mkeka wa matanga, ale ugali na sombe pamoja nasi, asikilize wazee wanaposuluhisha neno. Na akikosea desturi, akitoa kitu kwa mkono wa kushoto au akiuliza shida kabla ya salamu kwisha, tumweleze bila ukali.

Tano, tukumbuke kwamba yeye pia ni mwana wa mtu. Homa inamshika. Usiku wa masika unamsikitisha. Mama yake aweza kufa huko mbali, naye asifike mazishini. Siku hiyo hata hajui maneno ya kusema uchungu wake kwa lugha yetu. Akina mama waende wakae pamoja naye, hata bila maneno. Kukaa kimya pamoja na aliyefiwa ni neno ambalo kila mtu analifahamu.

Na wewe padri kijana, ikiwa unatusikia kwa radio, twakuomba neno moja kwa heshima. Usiharakishe kuhubiri kama hujasikiliza. Uliza tena. Unapomhoji mchumba, usimwulize swali linalojibiwa kwa neno moja. Mwulize, "Ni nani aliyekuchagulia huyu? Ulimjibu nini?" Kisha ngoja asimulie.

Mwisho, tusidhani kwamba sisi ni wenyeji daima. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepadirishwa Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, alipita miaka mingi ya Kilatini na Kifaransa kabla ya kufika altareni. Naye alikuwa mgeni katika lugha za wengine. Leo vijana wetu wa Kongo, mapadri na masista, wanatumwa katika nchi nyingine kuhubiri. Huko kuna mama mmoja asiyejua jina la kijiji chetu, anayemwonyesha kijana wetu kijiko na kumtajia jina lake. Jinsi tunavyotaka mama yule amtendee mtoto wetu, ndivyo tumtendee mtoto wa mwenzetu aliye kati yetu.

Sasa turudie somo kwa maswali na majibu.

Nani alimfundisha Bwana wetu Yesu Kristu kusema kama mwanadamu?
Maria Mama yake na Yosefu mlinzi wake, katika nyumba ya Nazareti.

Kwa nini wakristu wa Buganda waliweza kudumu bila padri tangu 1882 hata 1885?
Kwa sababu imani ilikuwa imeingia katika usemi wao, wakaweza kufundishana wenyewe.

Mkristu amfanyie nini padri anayejifunza lugha?
Amsahihishe kwa heshima, asimsifu kwa uongo, asimfiche maneno ya ndani, amkaribishe nyumbani na kumwombea.

Kwa nini kazi hii ni kubwa mbele ya Mungu?
Kwa sababu padri asipofahamu neno la mtu, hawezi kumsaidia mtu huyo. Na kila mtu ana haki ya kusikilizwa katika Kanisa.

Azimio la juma hili: kila nyumba imwalike padri au sista mgeni jioni moja, imfundishe maneno matano, na imwulize naye maneno matano ya kwao. Kisha tusali pamoja Salamu Maria moja, kila mmoja kwa lugha ya mama yake.

Tumsifu Yesu Kristu.